Kinu Kilichobarikiwa

Kigae cha kumi na moja cha kugeuza joto kuwa umeme nacho kikafa. Poongodi alikipasha moto upande mmoja, wa pili akauacha baridi, akaukodolea macho mshale wa kipimo cha umeme. Ukanyanyuka kidogo, ukalala. Mungu wangu! Kile cha Oktoba kilitoa mara tatu ya hiki, na mchanganyiko ni uleule: chokaa, kobalti, na chembe ya bismuthi, kiungo alichokitetea miaka mitano kwamba ndicho kinachoufungulia umeme njia.

"Jumatatu," Profesa Sethuraman, msimamizi wa tasnifu yake, alikuwa amemwambia mbele za watu. "Ukishindwa kukirudia, nitaandika kwamba zile namba ulizipika."

Azipike yeye, ambaye hata vigae vilivyopasuka aliviandika daftarini! Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alijiinamia mezani akalia bila haya, maana mle maabarani walikuwa wawili tu, yeye na Muthaiah, mzee wa usafi.

"Nyamaza, mama," alisema Muthaiah. "Kinu chako kimenuna. Tangu sikukuu hujakipaka tena."

"Kukipaka nini?"

"Majivu! Umesahau? Siku ya kubariki vyombo nilipaka mlango wa tanuri, nikataka kuishia hapo. Wewe ukang'ang'ania: 'Mzee, mpaka ndani ya kinu, nimechoka kufeli.' Nikakupakia mistari mitatu, tena minene."

Poongodi alifungua daftari. Kigae cha Oktoba kilisagwa asubuhi baada ya sikukuu. Alikumbuka kabisa: aliyaona yale majivu, akakosa moyo wa kuifuta baraka, akasagia humohumo. Majivu ya samadi ya ng'ombe, yenye potasiamu tele, nayo huweza kuufungulia umeme njia. Lo, mjinga yeye!

Cha kumi na mbili alikisaga na majivu, bila bismuthi hata punje. Tanuri likala siku mbili. Jumatatu asubuhi, profesa akiwa amesimama nyuma yake, mshale ulipanda, ukapanda, ukakaa palepale pa Oktoba.

"Eh! Si nilisema?" Profesa alipiga makofi. "Bismuthi hiyo!"

"Hamna bismuthi humo, profesa. Ni majivu ya mzee Muthaiah."

Profesa aliacha kupiga makofi. "Tasnifu yako inahusu nini?"

"Bismuthi."

"Kurasa ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Basi usiniletee mambo ya samadi. Umeshapona. Nani anajua zaidi yetu?"

Mlangoni Muthaiah aliinamisha kichwa, akajifanya anafagia palipokwisha fagiwa. Poongodi alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amemwomba Mungu kigae kifanye kazi, na Mungu alimpa, tena Jumatatu ileile. Miaka mitano mingine ya kuanza upya angeitoa wapi?

Aliivuta tasnifu, akalikata neno bismuthi kwenye jalada. Juu yake, huku machozi yakimdondokea kwenye wino, akaandika: majivu.