Visogo vya Ziwani

Ukitaka kugombana na mtaa mzima asubuhi moja, panda ngazi na ndoo ya rangi nyeupe uanze kufuta sura za watu ukutani. Mimi nilifanya hivyo hapa mtaani Ziwani, Nairobi. Mama Kate, jirani aliyenijua tangu nikiwa na meno ya utoto, alisimama chini ya ngazi ameshika kiuno, akinigombeza kwa Kikuyu na Kiswahili kwa zamu.

"Nafula! Unanifuta mimi? Mimi niliyepika chai ya matanga ya mamako?"

"Nakufuta, Mama Kate, na nitakurudisha. Toka hapo chini, rangi itakudondokea."

"Utanirudisha wapi? Kwani mimi ni nguo?"

Wacha nieleze tulivyofika hapo, maana hata leo nikikumbuka damu inanichemka kidogo, halafu nacheka.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Nina kibanda Kariobangi. Ukiona kichwa kilichonyolewa safi kwenye ukuta wa kinyozi, au ng'ombe anayetabasamu nje ya buchari kana kwamba hajui kinachoendelea ndani, huo ni mkono wangu. Mama yangu, Khavere, alifariki mwaka jana tukamzika kwa baba, Bungoma. Baada ya mazishi baba alikataa kubaki huko. "Mimi na Khavere tumeishi Ziwani," aliwaambia wajomba. "Kama yuko mahali, yuko huko." Akarudi kwenye nyumba yetu ile ile, aliyoingia zamani akiwa kijana wa kiwanda cha mablanketi, na mimi nikahamia kwake nimwangalie.

Macho yake yalikuwa yanaisha. Ni presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitafika mbali. Kando alikuwa haoni kabisa. Aliona katikati tu, kipande kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hicho kipande nacho kilikuwa na ukungu. Kitu kilichofifia hakukiona. Na mama hakupenda picha hata kidogo. Zilizopo ni za kwaya nzima, yeye amejificha mstari wa nyuma, uso kama punje ya dengu. Ile ya kitambulisho tuliyoikuza kwa ajili ya mazishi, baba aliishika mpaka ikagusa pua, akaniuliza kama nimempa karatasi tupu.

Siku hiyo akasema, "Wewe si unachora watu? Nichoree mke wangu. Nataka nimwone mara moja kabla giza halijafunga."

Nampenda baba yangu mpaka wakati mwingine namfokea ndiyo nisilie. Nikamfokea: "Basi maliza uji kwanza!" Nikatoka nje kutafuta ukuta.

Ukuta ulikuwepo, ule wa mwisho wa safu yetu, unaotazama uwanja mwembamba ambao baba huota jua asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa, Okumu, alikubali kabla sijamaliza kuomba. "Mama Nafula alikuwa mama wa sisi wote," alisema. "Mtaa utachangia." Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ukienda mazishi ya kwetu unaijua saa ya picha. Mwenye kipaza sauti anaita: watoto wa marehemu! Wajukuu! Kwaya! Chama cha akina mama! Majirani kutoka Nairobi! Kila kundi linakuja, linajipanga kando ya jeneza, linakaza uso na kuitazama kamera. Ambaye hakuitwa huweka kinyongo mpaka kiama. Basi Ziwani nayo ikaja hivyo hivyo. Aliyeleta nusu kopo la rangi alitaka awe kando ya mama. Aliyeazima ngazi pia. Kwaya ikaja na sare. Mama Kate alileta chai kila siku na kuniuliza kama nimeona kwamba upande wake wa kushoto ndio mzuri.

Ningekataaje? Nikawachora wote, bega kwa bega, uso mbele, macho mbele, na mama katikati na kitambaa chake cha kijani kichwani. Nilipomaliza watu walipiga makofi. Wengine walijipiga picha na sura zao wenyewe.

Nikamleta baba. Akasimama, akaanza kukisogeza kichwa chake polepole. "Huyu ni Okumu. Huyu... ni Mama Kate? Huyu simjui. Huyu tena ni nani?" Akasonga, akarudi, akapotea, akaanza upya. Watu wote ukutani walikuwa wanamtazama kwa nguvu moja, kila mmoja anamwita, na katika kelele ile mke wake hakuonekana. Alimpita mara kadhaa. Mimi nilimwona akimpita.

"Ni picha nzuri, mama," akaniambia mwishowe kwa adabu. "Watu ni wengi." Kisha akaushika ukuta, akarudi ndani.

Nililia siku hiyo nyuma ya vyoo, haki ya Mungu, kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Halafu nikaja juu. Nikajiambia: kama shida ni kwamba haonekani, nitamfanya mkubwa mpaka aonekane kutoka mtaa wa Starehe! Ndiyo maana nikapanda ile ngazi na ndoo, nikawafuta majirani wote, nikauchora uso wa mama mmoja tu, kuanzia chini mpaka kwenye mabati. Bango la buchari hivyo ndivyo linavyokuzwa, na mtu hulisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Baba akatoka. Akatazama kwa muda mrefu.

"Unaona nini, Baba?"

"Naona shavu."

"Rudi nyuma kidogo."

Alirudi mpaka mgongo ukagonga nyumba ya Okumu. Uwanja umeishia hapo. "Sasa naona pua," akasema, akajitahidi kucheka. "Pua ni yake, hiyo sikatai. Lakini nikifika kwenye jicho, pua imeshaniponyoka." Nikaelewa, nikatamani ardhi inimeze. Mtu anayechungulia kwenye bomba, ukimletea mlima utakuwa umempa mawe tu.

Sasa mtaa mzima umeninunia, mama amekuwa shavu, na baba asubuhi ile alikuwa ametia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Nilikwenda kibandani nikiwa na uso wa kuua nyoka.

Jirani yangu wa kazi Kariobangi ni Phares. Yeye huunganisha vyuma chakavu na kutengeneza korongo na twiga wa kuwekwa bustanini. "Niaje, Nafu," akasema. "Mbona umekunja uso hivo?"

Nikamwaga yote. Akanisikiliza huku akimpiga brashi korongo mmoja mrefu, kisha akamgeuza anitazame. "Cheki huyu. Watu hudhani nimetengeneza shingo. Shingo ni waya tu. Nilichotengeneza ni hii nafasi hapa kando. Ukijaza hapa vyuma, shingo inakufa." Akapitisha mkono kwenye ile hewa. "Wewe kwanza ulijaza watu, sasa umejaza mama. Jicho la mzee halina pa kukanyaga."

Alikuwa amesema kweli na iliniudhi sana. Nikamwambia korongo wake ana miguu minene, nikafunga kibanda, nikarudi nyumbani.

Sikushika brashi. Nilikaa na baba uwanjani nikimchunguza anavyoona. Kikombe hakukitafuta mezani. Aliweka jicho kwenye ukingo wa meza akaufuata mpaka ukamfikisha. Mlango aliupata kwa kufuata kamba ya nguo. Jicho lake halikuweza tena kutafuta, lakini kufuata liliweza. Na pale barabarani Kariobangi, mtu mmoja akisimama kutazama juu ya paa, hata kama ni paka tu, wote wanasimama na kutazama huko huko. Hakuna anayewatazama wale watazamaji. Ala! Kumbe majirani hawakuwa shida. Shida ni kwamba walikuwa wameitazama kamera.

Nikawaita wote nje, nikawaambia nitawachora upya, kila mmoja, hakuna atakayeachwa. Wakashangilia. Nikasema nitawachora visogo.

Wakaanza kupapasa visogo vyao.

"Visogo?" Mama Kate akauliza.

"Mtakuwa mnamtazama mama. Nyote. Baba akiwaona mnakotazama, ataenda huko."

"Na watu watanijuaje?"

"Mama Kate, kisogo chako kinajulikana mpaka sokoni Gikomba."

Okumu alicheka mpaka akakohoa, na hiyo ikasaidia. Halafu nikamwambia Mama Kate kwamba yeye atakuwa wa mwisho, aliye karibu zaidi na mama, akimnyooshea kikombe cha chai. Akafikiri. Kesho yake alikuja amesukwa upya, msuko wa mistari myembamba, akanigeuzia mgongo bila salamu na kusema, "Anza."

Nikaupaka ukuta wote bluu nzito, ile inayokaribia nyeusi. Kuanzia mlangoni petu, usawa wa macho ya baba, nikawapanga majirani wadogo wadogo, si wa kubanana: mtu, nafasi, mtu, nafasi, kama mtu anavyopanga mawe ya kuvukia matope. Nguo zao nikazipa rangi zinazopaza sauti. Mbele ya kikombe cha Mama Kate nikaacha bluu tupu, kidogo tu, jicho lipumzike. Baada ya hapo mama, peke yake, uso wa ukubwa wa sinia, na zaidi yake hakuna kitu mpaka mwisho wa ukuta.

Kitambaa kikanishinda. Cha kijani kilizama kwenye bluu. Nikajaribu cha manjano, kikapiga kelele. Jicho lilienda kwenye kitambaa na kusahau uso. Nilikaa kwenye ngazi nikimtazama mama, nikamwambia, samahani. Nikakifuta. Nikamwachia nywele zake kama zilivyokuwa, nilizoziosha mwenyewe alipokuwa mgonjwa, na rangi niliyohitaji nikaichota moja kwa moja kwenye kopo bila kuchanganya kitu.

Akina mama wa kanisa wakaja juu. Tangu lini Mama Nafula akatoka nje kichwa wazi? Hata kulala alilala na kitambaa, hilo ni kweli, mimi ni shahidi. Walisema namwaibisha marehemu. Nikawaambia mama atanisemesha mwenyewe siku tukikutana, lakini baba hana muda wa kungoja tubishane. Labda sauti yangu ilivunjika kidogo, maana mmoja wao alianza kunishikia ngazi.

Asubuhi ya kumwonyesha, jua lilikuwa limeupiga ukuta sawasawa. Watu walijaa uwanjani. Nilimsimamisha baba mlangoni nikamwachilia.

Jicho lake likaangukia kisogo cha kwanza. "Okumu," akasema. "Bega moja limeshuka." Akasonga hatua. "Huyu ni wa kwaya. Huyu pia." Hakurudi nyuma. Kila kisogo kilimsukuma kwa kingine, na yeye akatembea kando yao polepole, kama mtu aliye kwenye foleni. "Mama Kate. Umesukwa."

"Asante, Mzee," Mama Kate akaitika kutoka nyuma yetu, sauti yake ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

Baba akafika kwenye mkono, akafika kwenye kikombe, akaingia kwenye bluu. Hapo roho yangu ilisimama. Kisha akasimama yeye.

Nikasogea nimshike, akanizuia kwa mkono bila kuondoa jicho.

"Hii nyeupe kichwani ni nini?"

"Ni nywele zake, Baba."

"Za Khavere?"

"Alikuwa na mvi kichwa kizima. Zilianza macho yako yalipoanza kukusumbua."

"Alikuwa ananiambia mimi peke yangu ndiye niliyezeeka," akasema. "Kila siku ananicheka. Ati Makokha, umekuwa mzee, mimi bado." Akaanza kucheka, na machozi yakashuka katikati ya kicheko, akayapangusa haraka haraka kwa kiganja kwa sababu yalikuwa yanamzibia. "Mwongo huyu! Angalia makunyanzi haya karibu na jicho. Nayo hakuniambia."

"Hakuniambia hata mimi niyachore, Baba. Nimeyachora tu."

"Umefanya vizuri." Akasogea karibu, akarudi kidogo, akapata mahali ambapo uso wote uliingia, akatulia hapo. "Niletee kiti, mama. Yule msichana niliyemwoa namkumbuka vizuri, hata nikifumba macho. Huyu sijawahi kumwona."

Nikamletea kiti.