Alama za Mjomba

Nchi yetu haina beki wa kushoto. Ina watu wanaocheza kushoto kwa sababu kulia kumejaa, ina wanaopiga mpira kwa mguu wa kushoto pale tu wanapoteleza, na ina viungo waliochoka kukimbia katikati, wakasogezwa pembeni wakapumzike. Beki wa kushoto hasa, anayepokea mpira bila kujigeuzageuza kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, nilikuwa namjua mmoja tu. Naye ni mpwa wangu, na balaa lote lilianzia hapo.

Kazi yangu ni kuwatathmini wachezaji wa timu ya taifa ya wanaume. Watu wakisikia hivyo wanadhani nakaa kwenye kiti cha ngozi nanyoosha kidole, wewe njoo, wewe baki. Mimi nakaa kwenye ngazi za saruji, jua la utosini, fomu kwenye kibao, kalamu mbili, moja ya akiba. Ndiyo maana wananiita Kalamu. Mwaka wa kumi na moja huu.

Tupo watatu. Kuna mimi. Kuna Refa, aliyepuliza filimbi miaka ishirini, na mpaka leo akikukatalia jambo hunyanyua mkono kama anatoa kadi. Na kuna Daktari wa timu, mama wa sauti ya chini, anayetazama magoti ya mtu kabla ya uso wake. Kila mmoja humtazama mchezaji kwa siku yake, humpa alama kati ya kumi, hufunga bahasha, humkabidhi Katibu. Siku ya kikao Katibu huzifungua mbele yetu, husoma kwa sauti na kuandika kwa wino kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Alama tatu zinajumlishwa. Mstari ni ishirini na moja. Ukiwa chini ya hapo, huitwi.

Na kilichoandikwa kwa wino hakifutwi. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Ni mwaka ule mtathmini mwenzetu alipopigiwa simu katikati ya kikao, na mshambuliaji fulani akapanda kutoka kumi na tisa mpaka ishirini na tano kabla chai haijapoa. Siku ile nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Niliiandika kanuni kwa mkono wangu, wote wakatia saini, nikarudi nyumbani kifua mbele kana kwamba nimeliokoa taifa.

Sasa mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka thelathini na mmoja. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyemfundisha mpira uani kwao. Tulikuwa na kiatu kimoja tu cha mpira, cha kushoto, mwenzake sijui alipotelea wapi. Akakivaa hicho, mguu wa kulia akabaki na kandambili, na kwa kuwa kandambili ilikuwa inaruka kila akipiga, akajifunza kupiga kwa kushoto. Mguu wenyewe ukatokea huo.

Alikuwa ameachwa mara nne. Mara mbili aliumia. Mara moja kocha wa wakati huo alikuwa na watu wake. Mara ya nne nilimpa sita mimi mwenyewe, kwa sababu msimu ule alistahili sita, na dada yangu hakunisemesha mwezi mzima. Safari hii ilikuwa ya mwisho, na hilo halikuwa siri. Kocha mpya alishatangaza kwamba baada ya kikosi hiki ataita vijana watupu.

Kabla ya yote nilimwendea Katibu, nikamwomba nijitoe kwa mchezaji huyu.

"Fomu ina nafasi tatu, Kalamu," akasema bila kuinua macho. "Zisipojaa zote tatu, jina halisomwi. Unataka jina lake lisisomwe?"

"Sitaki."

"Basi andika. Sisi tunakuamini."

Nikaenda kumtazama Jumamosi. Winga aliyepangiwa kumkaba siku hiyo alikuwa na mbio za kutisha, nchi nzima inamuimba. Kufikia mapumziko winga alikuwa amehamia upande wa pili wa uwanja bila kuambiwa na mtu. Dakika ya themanini na kitu, mpwa wangu akautoa mpira kwenye kona ya timu yake, akapanda nao, akapiga krosi kwa ule mguu wa kiatu kimoja, na mshambuliaji hakuwa na kazi ila kuweka kichwa. Watu waliinuka. Mimi sikuinuka, maana mtathmini hainuki, lakini magoti yalikuwa yanataka.

Nikaandika nane.

Kisha nikaitazama ile nane. Nikaanza kuwasikia watu: nane ya mjomba hiyo. Nikamwona Refa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyozidi kuwa na sura ya undugu. Nikaichana fomu vipande vidogovidogo, nikavitupa kwenye pipa la chini ya jukwaa, nikachukua nyingine nikaandika saba. Wenzangu watampa haki yake, nikajiambia, saba yangu haitamwangusha. Niliondoka uwanjani najiona msafi kama mtu aliyetoka kuoga.

Kikao kilikuwa Alhamisi asubuhi, kwenye kile chumba chetu cha chini ya jukwaa kuu, ambacho dari lake limeinama kwa sababu juu yake ndipo watu wanapokaa. Meza ina mguu mmoja mfupi, tumeukalisha juu ya kitabu cha sheria za mchezo. Kocha alikaa kichwani mwa meza, miwani kwenye paji la uso. Tukaanza na makipa, wanne, hawana neno. Mabeki wa kulia walikuwa saba, wote wazuri, tungeweza kufungua duka. Kisha Katibu akasema, "Kushoto."

Wa kwanza goti lake lilikuwa halijapona. Wa pili alipata kumi na saba, na hizo kumi na saba tulimhurumia. Katibu akachukua bahasha za mpwa wangu.

"Refa, sita."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Daktari, saba. Kalamu, saba." Akajumlisha, ingawa kila mtu alikuwa ameshajumlisha. "Ishirini."

Akaiandika. Niliisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Kocha akashusha miwani machoni.

"Kalamu, huyu si ndiye wa kwenu?"

"Ndiye."

"Nilitarajia zaidi ya hapo. Una la kusema?"

Nilikuwa nayo ya kujaza chumba. Lakini mjomba atasema nini katika kikao kama kile kisichokuwa kumwombea mtoto wa dada yake? Nikasema sina.

Wakati wa chai nilitoka nje kwenye bomba la maji, nikajifanya nanawa. Refa akanifuata. Akasimama nyuma yangu, akakohoa, akakohoa tena.

"Kalamu, mbona umempa saba?"

"Na wewe mbona umempa sita?"

"Mimi nilimwona ni wa nane," akasema. "Nane kamili. Nikafikiri, mjomba wake huyu lazima atampa tisa, au kumi kabisa, damu nzito. Nikashusha mbili ili zije zikae sawa." Akanitazama kama mtu aliyevunja sahani ya jirani. "Sasa wewe ndugu yangu, nani alikutuma uwe mwadilifu?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, na amesikia yote.

"Na mimi nilipunguza moja," akasema polepole. "Kwa sababu hiyohiyo. Nane ilikuwa yake."

Nane, nane, nane. Ishirini na nne. Hakuna beki aliyefika huko siku ile, wa kulia wala wa katikati. Wote watatu tulimwona ni yuleyule mmoja, na wote watatu tukamshusha kwa ajili yangu. Katika kile chumba hakuna hata mtu mmoja aliyeniamini, na mimi ni wa kwanza wao.

Tukaenda kwa Katibu sote watatu. Alitusikiliza, akafungua droo, akatoa karatasi ya kanuni iliyochakaa pembeni, akaigeuza kunielekea ili nisome mwandiko wangu.

"Hii nani kaandika?"

"Mimi. Lakini niliitunga kwa ajili ya wezi."

"Haijaandikwa hapa kwamba ni ya wezi," akasema. "Imeandikwa ni ya wote. Sasa nikifuta leo kwa ajili ya mpwa wako, Kalamu, kesho nitamwambia nini mwingine?"

Kocha alikuwa ameingia. Refa akamweleza, mkono juu, kadi isiyokuwepo ikipepea. Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Mimi namtaka huyo mtu," akasema. "Sina beki wa kushoto, Mungu anajua. Lakini nikitoka nje nikasema watathmini wangu hawakuandika walichokiona, wataniuliza ni wangapi wengine hamkuandika mlichokiona. Nitawajibu nini? Orodha nzima itaanguka. Watu ishirini na sita." Akairudisha miwani. "Nitamsogeza kushoto yule kiungo aliyecheza pale mara iliyopita."

"Yule anapiga kwa kulia," nikasema.

"Najua anapiga kwa kulia, Kalamu."

Tukarudi kwenye meza tukamalizia viungo na washambuliaji. Nilitia saini chini ya karatasi, maana bila saini yangu haitoki.

Orodha ilikuwa isomwe redioni saa kumi alasiri, na kabla ya hapo mtathmini haruhusiwi kumwambia mtu. Kanuni hiyo nayo ni yangu, sijui nilikuwa nimekula nini mwaka ule. Ningeweza kukaa nyumbani nikajifungia. Nikaona ni aibu asikie habari hiyo peke yake, nikaenda kwa dada.

Dada alikuwa amepanga viti sebuleni na kuita majirani. Meza ya katikati ilikuwa na kitambaa cheupe, na juu yake redio, imefutwa vumbi. Mpwa wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, viatu vyake vya mpira vimeoshwa, viko miguuni pake. Akaniamkia, "Shikamoo, Mjomba," na hakuniuliza kitu, kwa sababu anajua kanuni. Dada naye hakuuliza, ila aliniwekea chai akanitazama namna nilivyoipokea. Nadhani alijua hapo. Mimi uso wangu hauna kanuni.

Nikakaa kwenye kiti nilichowekewa, katikati, kiti cha heshima. Jirani mmoja akanipiga bega akasema leo ni leo. Nikamchekea. Dakika kumi na mbili nzima nilikaa pale na jambo lile kifuani huku watu wakiniombea maisha marefu.

Msomaji akaanza na makipa. Akaja kwa mabeki. Akasoma wa kulia watatu, wa katikati wanne, halafu akasema kushoto, akamtaja yule kiungo. Akaendelea. Majirani walisubiri mpaka washambuliaji, wakidhani labda jina limerukwa, labda litakuja mwishoni. Halikuja. Wakaanza kukumbuka shughuli zao, mmoja jikoni, mwingine ana mgonjwa, wakatoka taratibu wakimpa pole mlangoni.

Tukabaki watatu. Redio ilikuwa inapiga muziki. Mpwa wangu akavuta kigoda akakaa karibu nami.

"Mjomba, nikuulize kitu kimoja tu. Usinifiche. Wewe ulinipa ngapi?"

"Saba."

"Saba," akasema. Akatikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama anajumlisha. "Basi nimeridhika."

"Umeridhika na nini?"

"Tangu wamalize kusoma nilikuwa najiuliza labda nimeonewa. Kumbe hapana. Kama wewe, mjomba wangu wa damu, umejikaza na kunipenda kote huko ukafika saba, hao wengine niwalaumu kwa lipi? Walinipa walichokiona."

"Sikiliza," nikamwambia. "Ulikuwa wa nane. Niliandika nane, kisha nikachukua fomu nyingine nikaandika saba, ili wasiseme nakupendelea. Refa naye nane, akashusha mbili. Daktari nane, akashusha moja. Wote walidhani mimi nimekuongezea. Ulikuwa na ishirini na nne. Hakuna beki aliyekufikia. Wamesema wenyewe leo, mbele yangu, pale kwenye bomba."

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu mzima anayemsikiliza mzee wake. Akaniwekea mkono gotini.

"Ahsante, Mjomba."

"Hujaniamini."

"Usinibembeleze. Mimi si mtoto tena."

"Nakuapia."

"Usiape," akasema kwa upole. "Saba si mbaya."

Akainuka. Akaviokota vile viatu, akavifunga kamba kimoja kwa kingine, akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pale dada anapotundika vitu ambavyo havina kazi kwa sasa. Akatoka uani. Tulisikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika muda mrefu.

Dada alikuwa bado amekaa. Akaniuliza, "Hiyo fomu ya nane iko wapi? Nipe nimwonyeshe."

Nikamwambia niliichana.

Kisha akainuka akazima redio, akaanza kurudisha viti vya majirani ukutani, kimoja kimoja.

"Kunywa chai yako, mdogo wangu," akasema. "Imepoa."