Hatua Zilizotoka Kushoto

Mzee Idarous hakuwa na kompyuta, hakuwahi kucheza gemu hata moja, wala hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya jioni kilichotundikwa ukutani kwake, mtaa wa Landless. Subira nayo alinyimwa. Lakini masikio alikuwa nayo: kiwandani Thika alikofanya kazi, mtambo wenye kasoro aliutambua akiwa amefumba macho.

Ndiyo maana Zubeida, bintiye, alimwita aje mtaani Gitothua, Ruiru. Ukumbi wake wa gemu ulikuwa umewachosha majirani. Kelele zisipokwisha mwezi huo, mwenye nyumba angeufunga. Muuzaji mmoja alikuwa amempa hedifoni ya waya aijaribu. Akipokea barua ya tathmini yenye sifa, angeleta hedifoni nyingine kumi.

“Inaleta sauti pande zote, Baba. Adui akija, unajua anakotokea.”

Mzee akaivaa, akafumba macho. Zubeida akacheza.

“Hatua. Kushoto.”

Kwenye skrini, adui alikuwa kulia.

“Risasi. Kulia.”

Ilitoka kushoto. Mara sita, kinyume mara sita. Mzee akaivua, akatoa kalamu, akaandika: *Chombo hiki kinadanganya.*

“Si useme tu iko poa?”

“Niandike uongo, kisha niweke sahihi?”

Nelima, jirani wa ukuta mmoja, mlalamikaji mkuu, alikuwa mlangoni. Akacheka hadi akajishika kiuno.

“Waa, guka!” akamwita kama babu yake. “Si ulivaa kinyume! Ile R, ya kulia, ilikuwa sikio la kushoto!”

Mzee akaitazama. Kweli. Kiwandani, vikinga masikio havikuwa na kulia wala kushoto, uliokota, ukavaa.

“Mbona hukuniambia?” akamuuliza bintiye.

“Nani huthubutu kukukosoa wewe, Baba?”

Akaivaa upya. Safari hii alipatia zote sita. Kisha Nelima akatumwa kwake asikilize ukutani, gemu ikiendelea. Alirudi akikuna kichwa.

“Mko hai kweli? Sijasikia hata kikohozi.”

Mzee akachana karatasi ya kwanza. Kwenye ya pili akaanza: *Mimi, Idarous, niliivaa kinyume nikailaumu bure. Sauti ni sahihi, jirani hasumbuki. Herufi zikuzwe, maana wazee pia wanavaa.*

“Hayo ya kuvaa kinyume si uyatoe?” Zubeida akanong’ona.

“Yakitoka, hayo mengine nani atayaamini?”

Akaweka sahihi, akalamba gundi ya bahasha, akaifunga kwa kiganja, na alipopita stendi ya Ruiru akamkabidhi karani wa vifurushi barua hiyo ipelekwe kwa muuzaji, kisha akadai risiti.