Kamera ya Kuwindia Ndezi

Duka la tatu hilo, na miguu ya Okidi ilikuwa inawaka moto. Tangu asubuhi yeye na mkewe Anena walikuwa wanaizunguka Kampala kama watu waliopotelewa na mtoto, kumbe wanatafuta kamera. Duka la kwanza waliwaonyesha kamera ya bei ya ng'ombe wawili. La pili muuzaji aliwauliza kama wanaozesha binti. Okidi alitoka bila kuaga. Miaka yote ya upolisi haikumfundisha uvumilivu, na kustaafu kulimmalizia hata ule kidogo aliokuwa nao.

Sasa walikuwa Nakawa, ubavuni mwa soko, kwa Zuleika, mama wa Kinubi aliyeuza redio, simu na kamera zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Zuleika aliangalia viatu vya mzee, akamwita afande bila kuambiwa. Anena alijitupa juu ya kiti kabla hajakaribishwa.

"Mimi nataka kamera ya kufunga kwa kichwa," Okidi alisema. "Ya bei ya mtu wa pensheni. Nawinda ndezi, mkono iko na mkuki."

"Ndezi! Banange, yule panya mkubwa wa nyasi, nyama tamu hiyo. Wapi?"

"Kwetu, Acholi. Nyasi ikishaungua."

Zuleika hakucheka. Hilo peke yake lilimfurahisha Okidi kuliko vyote alivyoviona siku ile. Mama huyo alitoa kikamera kidogo cha Kichina, kikubwa kidogo tu kuliko kiberiti, na mkanda wake wa mpira.

"Usidanganywe na zile za jina kubwa, afande. Hii inatosha. Jua ikiwa kali, picha ni nzuri; jioni ni bure kabisa, nakwambia mapema. Nunua betri mbili, maana moja itakufa kabla mbwa hawajachoka. Na hii nyumba yake ya plastiki usitoe, kule kuna majivu. Inaziba sauti kidogo, lakini nani anataka sauti?"

"Mimi nataka," Okidi alisema. "Sauti ndiyo nataka zaidi."

Hakueleza, na Anena alitazama pembeni. Msimu uliopita, Okidi alirusha mkuki, ukapita ubavuni mwa Ojera, mtoto wa kaka yake, ukamchana shati. Ojera aliapa mbele ya wawindaji wote kwamba alipiga kelele mara mbili kusema yuko mbele. Okidi naye akaapa kwamba hakuna aliyefungua mdomo; kijana alivunja mstari na sasa anajificha nyuma ya uongo. Ukoo ulibishana mpaka nyama ikapoa. Mwisho walimpa mzee msimu mmoja zaidi, tena kwa shingo upande. Likitokea jambo tena, aweke mkuki chini. Ndipo akawaza kamera. Itakuwa shahidi wake, na mwongo ataumbuka. Kazi ya serikali ilikwisha, rafiki zake wengi wamekwisha, na kilichombakia cha kumwita mwanamume, kwa hesabu yake mwenyewe, ni nafasi yake katika ule mstari wa wawindaji. Aliogopa kuipoteza kuliko alivyoogopa kufa.

"Jaribu kwanza," Zuleika alisema, akambana mkanda kichwani. "Tembea huko nje, rudi, tuangalie."

Nje, lori la kabichi lilikuwa linashushwa. Wapakuzi walisimama msururu, wakirushiana kabichi kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye rundo. Okidi aliwatazama, akaukumbuka ule mstari wa wawindaji. Akaenda akasimama mwisho wa msururu, akafungua viganja. Mpakuzi wa mbele yake alisita, akatazama ile kamera kichwani, kisha akarusha.

Kabichi ilimgonga kifuani, ikaanguka matopeni. Wanaume walicheka, si kwa ubaya. Okidi alirudi dukani akijifuta shati.

"Yule ametupa vibaya," alisema. "Watu wa siku hizi hawajui hata kurusha kitu."

Zuleika aliunganisha kamera na simu yake, akaiegemeza kwenye redio ili wote watatu waone. Picha ilitikisika, ikatulia. Kabichi ilitoka mikononi mwa mpakuzi ikaja moja kwa moja, polepole hata, kama unavyomrushia mtoto. Ikafika. Mikono ya Okidi ilipanda baadaye, ikakumbatia hewa.

Lakini si hilo lililomfanya ainame karibu na simu.

"Rudisha," alisema.

Zuleika alirudisha. Kabla kabichi haijarushwa, sauti ya mpakuzi ilisikika, imezibwa kidogo na ile plastiki, lakini kila neno liko wazi: "Mzee, angaria! Mzee, iko kuja!"

"Huyu alisema hivyo saa hiyo?" Okidi aliuliza.

"Alisema, Baba Alal," Anena alimjibu mumewe. "Hata mimi nilisikia, na nilikuwa hapa ndani nimekaa."

Anena aliendelea taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba jambo peke yake.

"Nyumbani chakula kikiwa tayari, siku hizi sikuiti tena. Nakuja nakugusa bega. Hukuona?"

Hakuwa ameona. Alikuwa anadhani ni mapenzi ya uzeeni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kwenye masikio yaleyale, na nyuma ya aibu ikaja hofu: alimwona Ojera, mdomo wazi, anaita, na yeye baba yake mdogo amekunja mkono anarusha. Halafu mwaka mzima akamwita mwongo. Alitafuta mahali pa kukaa, Anena akamsogezea kiti chake.

"Nikufungie uende nayo, afande?" Zuleika aliuliza.

Okidi alivua mkanda, akaukunja vizuri, akauweka juu ya meza.

"Hii hapana. Iko ile ya kushika na mkono? Inayovuta picha kutoka mbali?"

"Iko, na bei haipiti hii sana. Lakini hiyo ni ya mtu anasimama kando anatazama. Wewe si unawinda?"

"Mkuki nitampa Ojera," Okidi alisema. "Nionyeshe hiyo ya kusimama kando."