Gari Lililosingiziwa Ugonjwa

Oltinbek alikuwa mwalimu wa mieleka katika shule moja ya mji wa Chirchik, karibu na Tashkent, pande la mtu ambalo kila mlango lazima liuinamie. Alichelewa kujifunza gari. Alipopata leseni alikuwa amekwishapita arobaini, na wiki hiyohiyo akanunua Matiz nyeupe iliyotumika, kigari kisicho hata redio, ambacho vioo vyake hushushwa kwa kuzungusha mkono. Kiti alikisukuma nyuma mpaka mwisho, na bado magoti yakagusa usukani.

"Mwalimu!" jirani yake Ergash alimpigia kelele kutoka langoni kwake. "Hilo gari umelipanda au umelivaa?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko, naye akacheka nao. Lakini hakuna aliyefurahi kama mama yake, Bi Hamrohon. Alilifukiza gari moshi wa majani makavu ya isirik ili jicho baya lisilipate, akaketi kiti cha mbele, akampigia simu dada yake Salomat, aliyekuwa akiishi Kokand.

"Dada, bandika chai. Mwanangu ananileta."

Ahadi hiyo alikuwa ameitoa Oltinbek mwenyewe. "Mama, habari ya kubanana kwenye teksi na watu usiowajua imekwisha. Kokand utakwenda na gari la mwanao."

Sasa, huwezi kufika Kokand bila kuupanda mlima wa Kamchik. Jumapili moja Oltinbek alitoka peke yake, bila kumwambia mtu, akajaribu njia. Kigari kilipanda kikinung'unika, malori yakikipita kama nyumba zinazotembea. Kwenye kona moja kali injini ikamzimikia. Gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma yake kulikuwa na lori limejaa saruji. Honi zikalia. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na alipofanikiwa kuwasha tena, hakuendelea mbele. Aligeuza palipopanuka, akateremka akitetemeka kama jani, yeye aliyewabwaga watu kwenye mkeka miaka nenda miaka rudi.

"Tunaondoka lini?" mama aliuliza wiki ile.

"Gari linachemsha, mama. Fundi kasema tusipande nalo mlima."

Uongo ule ulimtoka kirahisi, na ukazaa wenzake. Baada ya kuchemsha zikaja breki; baada ya breki kikatafutwa kifaa ambacho eti hata Tashkent kilikuwa hakipatikani. Siku moja mama akamwambia kwa upole, "Basi niende na teksi, mwanangu. Salomat kifua kinamsumbua, nikimsikia kwenye simu sauti si yake."

"Ah, mama! Watu watanionaje? Mtu ana gari lake, mama yake anabanana na wageni? Subiri kidogo tu."

Mama akasubiri. Majani ya miti yakawa ya manjano, yakapukutika. Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Mavjuda, binti ya Salomat, na alishindwa kumaliza sentensi.

Bi Hamrohon alifunga kitambaa chake cheupe cha msiba, akasimama mbele ya mwanawe.

"Gari litafika?"

"Litafika."

Waliupanda Kamchik kwa gia ya kwanza. Msidhani woga ulikuwa umemtoka. Ulikuwepo palepale tumboni, ila aibu ilikuwa imeukalia. Kwenye kona kali mama alikipapasa kigari mbele yake, kama mtu anayempapasa punda mgonjwa. "Jikaze, mnyonge wangu," alikiambia. "Jikaze, baba. Najua unaumwa."

Oltinbek aliuma midomo, akatazama barabara.

Waliwakuta wanaume wamekwisharudi makaburini. Bi Hamrohon aliingia kwa wanawake, na kilio kikapanda upya. Oltinbek alikaa uani na wanaume wenzake mpaka Mavjuda alipomletea chai, macho yamemvimba.

"Kaka, gari lilipona?"

"Lilipona."

"Alhamdulillahi. Mama alikuwa analiombea kila akisali. Sisi tunamcheka: mama, unaliombea bati? Naye anatujibu, bati hilohilo ndilo litakaloniletea mdogo wangu."

Oltinbek akakiweka kikombe chini.

Walipokuwa wakirudi, baada ya hitima, alisimamisha gari kileleni, penye wauza mikate. Hakuwa amepanga maneno.

"Mama, gari halikuwa bovu. Hata siku moja. Niliogopa mlima huu."

Mama aliweka mikono mapajani.

"Siku ile nilipokuomba niende na teksi, ulikuwa unajua gari ni zima?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, mama, naogopa, ningekucheka. Kisha ningepanda teksi nikaenda kumwona dada yangu. Ningecheka, Oltin, basi. Kicheko changu kilikuwa kizito kiasi hicho?"

Mama alifungua mlango, akashuka, akaenda kukaa kiti cha nyuma. Mpaka Chirchik hawakusemezana tena.

Hakumsusa. Alimpikia, akamwekea sahani, akamuuliza habari za shule. Ila kiti cha mbele hakukikalia tena. Oltinbek alikwenda mwenyewe kwa Ergash akamsimulia yote, akitaraji dhihaka. Ergash hakucheka. Alimtazama tu, akasema, "Pole, mwalimu," na hiyo ikamchoma kuliko dhihaka.

Ilipokaribia arobaini ya Salomat, alilipangusa gari, akalijaza mafuta. Asubuhi ya safari akamkuta mama langoni na mkoba wake.

"Nimemwita mtu wa teksi," mama alisema.

Akambebea mkoba. Akamfungulia mlango wa teksi, akamwambia dereva aende polepole, mama yake ana ugonjwa wa moyo. Kisha akaingia kwenye Matiz yake akawafuata nyuma, maana na yeye alitakiwa kwenye arobaini. Teksi ilikuwa na nguvu, ikamwacha nyuma mlimani. Akapanda peke yake, katikati ya malori, gia ya kwanza, jasho likimtiririka.

Kileleni aliikuta imeegeshwa. Abiria walikuwa wananyoosha miguu. Mama yake alikuja na mkate wa moto, akaupitisha dirishani.

"Kula. Usiendeshe na njaa."

Akarudi kwenye teksi yake, na dereva akaondoa gari.