Fundi Aliyekuwa Likizo

Tuliendesha gari siku mbili kutoka Fort Wayne, Indiana, hadi Kissimmee kule Florida, na katika siku hizo mbili mume wangu Dwight aliniahidi mara tatu kwamba hatagusa kazi. Ahadi ya kwanza aliitoa kabla hata hatujaondoka, aliponikuta nimesimama nyuma ya pikapu nikitazama sanduku lake la vifaa. Alikuwa amelifunika kwa taulo za kuogelea.

"Hilo la dharura tu, Janelle," alisema. "Kazi sigusi. Gari likitufia njiani je?"

Dwight ni fundi wa viyoyozi, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hajui kusema hapana. Kwenye harusi ya mdogo wangu alikosa keki kwa sababu alikuwa juu ya paa la kanisa. Siku mwanetu Colby alipozaliwa, nesi alimkuta ameinama chini ya dirisha la wodi, anasikiliza mashine inavyokoroma. Watu humsifu mno. Husema nina bahati. Nami huwajibu ndiyo, asante, maana ukianza kueleza utaonekana mchoyo wa mume.

Safari ilikuwa ya binti yetu Brynn, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Alipokuwa na miaka mitano tulimleta huko huko, akakataliwa kupanda ile treni kubwa ya bustani ya michezo, inayopaa juu na kuporomoka, kwa sababu ya kimo. Alilia hadi akatapika. Dwight akabaki naye chini, akamwambia, "Ukikua tutapanda wawili, mimi na wewe, kiti cha mbele." Mtoto haambiwi hivyo akasahau. Sasa kimo alikuwa nacho, na kilichobaki ni mwaka mmoja au miwili kabla hajaanza kuona aibu kutembea na baba yake. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Tiketi zetu zilikuwa za siku mbili, Jumanne na Alhamisi, zenye tarehe. Siku ikipita, imepita.

Tulifika hotelini Jumatatu mchana. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa wasichana waliokuja kwenye mashindano ya kushangilia timu kwa sarakasi, mamia yao, wenye riboni kubwa vichwani, wakirushana juu kati ya masanduku ya wageni. Binti wa mapokezi aliyeitwa Yesenia alinitazama kwa huruma.

"Chumba hakijawa tayari, mama. Mpaka saa kumi."

Saa kumi ikawa saa kumi na moja. Tulipofungua mlango wa chumba, ghorofa ya tatu, joto lilitupokea kama tumefunua sufuria. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa kabisa. Nikapiga simu chini.

"Fundi wetu anahudumia hoteli tatu," Yesenia alisema. "Atakuja kesho. Au keshokutwa."

"Tupeni chumba kingine basi."

"Mama, leo chumba hapa hata kwa dawa hukipati."

Dwight alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, kama mlevi aliyeacha pombe akawekwa baa.

"Ni mrija wa maji tu umeziba," alisema taratibu. "Nausikia kabisa."

Colby, ambaye ana miaka minane, alikuwa amejilaza sakafuni kifua wazi, uso mwekundu. Mimi mwenyewe nilikuwa nachuruzika jasho. Nikasema, "Basi nenda ukalilete sanduku." Kila nikitafuta mahali mambo yalipoanza kuharibika, naishia hapo. Mimi ndiye niliyemtuma.

Dakika ishirini hazikwisha, chumba kikaanza kupoa. Lakini mlango ulikuwa wazi, na mzee wa chumba cha pili alikuwa amesimama kwenye korido akitazama. Alijitambulisha kuwa Alton Suggs, kutoka Georgia. Mkewe, Verna, alikuwa na ugonjwa wa moyo, anatembea kwa kiti cha magurudumu, na chumba chao nacho kilikuwa tanuri.

"Kijana wangu," alimwambia Dwight, "Mungu amekuleta."

Dwight alikwenda. Ningemzuiaje? Lakini habari za fundi wa bure hazihitaji tarumbeta. Kabla hatujala chakula cha jioni alikuwa ameshaingia vyumba vitatu.

Jumanne asubuhi tulikuwa tunakula pankeki, mabegi mgongoni, viatu vimefungwa. Basi la hoteli lilikuwa linaondoka saa mbili na nusu. Brynn alikuwa na orodha yake kwenye karatasi: michezo kumi na mmoja, kwa mpangilio wa foleni zake. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye tai yenye picha za minazi. Ni Bwana Pruitt, meneja.

"Nasikia wewe ndiye mwokozi wetu," alimwambia Dwight.

"Aa, ni mrija tu," Dwight alisema, na nikaona masikio yake yanavyong'aa.

"Upande mzima wa mashariki umezima. Vyumba ishirini na mbili. Ukitupa jicho tu, bwana. Jicho tu."

"Tuna basi," nilisema.

"Nusu saa," Dwight aliniambia. "Mnimalizie kahawa, nakuja."

Basi la saa mbili na nusu likaondoka. La saa tatu na nusu likaondoka. Tulikaa ukumbini katikati ya wasichana wenye riboni, tukiwaangalia wakipanga mnara wa watu na kuuangusha. La saa nne na nusu nilitaka tupande, Brynn akakataa.

"Amesema anakuja."

"Najua alichosema."

"Basi tumsubiri, Mama."

Alitokea saa saba mchana, shati limeloa, ana mkwaruzo mkononi, amefurahi kama aliyetoka vitani mshindi. Tulifika kwenye bustani ya michezo saa nane, na saa nane na robo radi ikaanza, kama inavyoanza huko kila alasiri ya mwezi wa saba. Treni zote za nje zikasimamishwa. Tulibanana chini ya paa la kibanda cha aisikrimu kwa muda wa saa mbili na nusu pamoja na watu wengine mia, mvua inatumwagikia viatuni. Tulipanda mchezo mmoja tu, wa mashua za ndani, wa watoto wadogo. Brynn aliikunja karatasi yake ndogo, ndogo zaidi, akaiweka mfukoni.

Usiku ule Dwight aliapa. "Alhamisi hata hoteli ikiwaka moto."

Jumatano alijitahidi. Alikaa nasi bwawani tangu asubuhi, ingawa kila mlango wa chumba ulipofunguliwa alikuwa akigeuza shingo. Mimi nikaanza kuamini.

Alhamisi saa mbili kasorobo mlango ukagongwa. Alikuwa mzee Alton, ameshika kofia mkononi.

"Sikutaka kuwasumbua," alisema. "Kimekufa tena. Verna hajalala."

"Mpeleke chini ukumbini," nilisema, "kuna ubaridi."

"Nilimpeleka, mwanangu. Wale watoto wanapiga makelele, kichwa kinampasuka."

Nilichungulia chumbani kwao. Verna alikuwa kitandani na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, midomo imepauka. Alijaribu kunitabasamia. Nilimchukia kwa nukta moja, kisha nikajichukia mwenyewe kwa siku nzima.

"Dakika kumi na tano," Dwight alisema. "Tangulieni kituoni."

"Dwight."

"Unataka nimwache hivi?"

Hilo ndilo swali lake siku zote, na halina jibu. Nikawashika watoto mikono tukashuka. Saa mbili na nusu dereva alinitazama, nikamtazama, tukapanda. Brynn aligeuka kuangalia nyuma mpaka hoteli ikapotea.

Saa nne ukaja ujumbe kwenye simu: feni imeungua, ametafutiwa nyingine, inakuja. Saa sita: karibu namaliza. Saa nane sikuangalia tena simu. Foleni ya treni kubwa ilikuwa ya dakika mia moja na kumi, na Brynn alisimama yote, kila mara akiwapisha watu wawili wawili nyuma yake ili asonge polepole. Colby hakuwa na kimo, kwa hiyo mimi nilibaki naye nje ya uzio. Mwishowe nilimwona Brynn anakaa kiti cha mbele, peke yake. Mhudumu akamkalisha ubavuni mwake mama mmoja mnene mwenye miwani ya jua.

Aliposhuka nilimwuliza, "Ilikuwaje?"

"Ilikuwa sawa."

Tukiwa kwenye basi ndipo aliposema, bila kunitazama, "Yule mama anatoka Ohio. Alinishika mkono akalia njia nzima. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze."

Colby alicheka. Mimi sikuweza.

Tulirudi saa kumi na moja. Nikawatuma watoto wavae nguo za kuogelea, nami nikapanda lifti nikimtafuta Dwight. Humo nikamkuta mzee Alton na barafu kwenye ndoo.

"Mumeo ni mtu wa ajabu," alisema. "Amekaa nasi hadi mchana. Na hao wa kazini kwake waliomwondoa kwenye mafundi wakamweka mezani kujibu simu, hawajui wanachopoteza. Wiki ngapi vile, kumi? Nilimwambia, kijana, goti si mwisho wa mtu."

Lifti ilifunguka. Nikasema, "Ndiyo, wiki kumi," kama mtu anayejua.

Nilimkuta Dwight bwawani, kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kulia ameunyoosha. Goti lilikuwa limevimba kama embe. Nikakaa mbele yake.

"Umekuwa ukijibu simu tangu lini?"

Hakuuliza nani ameniambia. "Tangu wiki ya pili ya Mei."

"Na sanduku unalobeba kila asubuhi?"

"Linashinda kwenye gari."

"Daktari alisema nini hasa?"

"Nisipande ngazi."

"Na tangu tufike hapa umepanda mara ngapi?"

Akatazama maji. "Sijui."

Nilihisi hasira niliyokuwa nayo tangu Jumatatu inakosa pa kushika. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kwa jambo moja, na sasa kulikuwa na jingine chini yake, kubwa zaidi, ambalo mzee wa Georgia alilijua kabla yangu.

"Kila jioni nakuuliza kazi ilikuwaje," nilisema. "Na kila jioni unanihadithia. Ile nyumba yenye kindi kwenye bomba je?"

"Aliiona Marcus, fundi mwenzangu. Mimi nilipokea simu tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nakaa pale, Janelle, mtu analia joto, naandika jina lake, namtuma kijana wa miaka ishirini na nne. Hapa mtu ananishika mkono kwa mikono yake miwili kwa sababu mkewe amepata usingizi. Nilikuwa nimeshasahau."

"Na mwanao je?"

"Nilidhani nitawahi. Kila mara nilidhani nitawahi."

Nilipogeuka, Brynn alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo begani. Alikuwa amesikia. Alilitazama lile goti, kisha akaenda kujitumbukiza majini upande wa kina kirefu, akakaa chini muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho, na hatukuwa na tiketi. Tulishinda bwawani, kila mtu kivyake. Yapata saa tano akaja Bwana Pruitt, safari hii tai yake ina samaki. Alimpa Dwight bahasha. Ndani kulikuwa na kuponi ya kifungua kinywa cha bure, ambacho kila mgeni alikuwa anakula bure tangu siku ya kwanza.

"Shukrani ndogo," alisema. "Sasa, bwana, jikoni kuna mashine inanipa wasiwasi. Ukitupa jicho."

Dwight alishaweka mikono kwenye kiti ili anyanyuke. Mimi nikafungua mdomo, lakini Brynn, akiwa amejishikilia kwenye ukingo wa bwawa, aliwahi.

"Baba yangu haruhusiwi kupanda ngazi."

Alisema bila ukali, kama anayesoma kibao. Bwana Pruitt alimtazama, kisha akamtazama Dwight.

"Ni kweli?"

Dwight aliondoa mikono kwenye kiti. Nilimwona anavyopambana, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimhurumia.

"Ni kweli," alisema. "Siruhusiwi."

"Hata ngazi fupi?"

"Hata fupi."

Meneja aliondoka. Nilikuwa nimeisubiri "hapana" hiyo miaka kumi na sita, nikidhani siku nitakapoisikia nitafurahi. Ilitoka kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyoijenga. Dwight alikaa hapo akitazama vidole vyake. Baadaye akaingia majini polepole, kwa goti lake bovu, akasimama karibu na Brynn, maji yakimfika kifuani. Sikusikia walichoongea. Nadhani hawakuongea sana. Colby akaenda kumpanda baba yake mabegani.

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Mimi niliendesha. Tulipoingia Georgia, Dwight alisema Jumatatu atazungumza na bosi wake, huenda wakampa kazi ya kufundisha vijana badala ya kujibu simu.

"Mimi kwanza," nilisema. "Kabla ya bosi. Anza tangu siku uliyokwenda kwa daktari, na usiruke kitu."

Akaanza. Aliruka vitu, nikamrudisha. Tulisimama mara moja kununua karanga za kuchemsha, akaendelea huku anamenya. Ilituchukua hadi mpaka wa Tennessee, na sehemu nyingine zilinitia uchungu upya, nikawa nashika usukani kwa nguvu na kutazama malori. Colby alilala. Kwenye kioo nilimwona Brynn ameondoa vidude vya muziki masikioni.

Dwight alipomaliza, aligeuka nyuma kwa shida. "Brynn. Mwakani, mimi na wewe, kiti cha..."

"Usiseme hivyo, Baba," alimkatiza. "Sema tutaona."

Dwight alimtazama kidogo.

"Tutaona," alisema.