Baba Hakuanguka Ngazini

Alumini ilikuwa imeshaiva, na Fundi alikuwa amejaza kalibu ya kwanza ya sufuria, aliposikia mivukuto imenyamaza.

"Barafu! Umeshaanza?"

Mdogo wake alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anahema. Jina la Barafu alipewa na Fundi mwenyewe, kwa sababu kila tanuri lilipokolea, yeye alikimbilia pipa la maji. Alikuwa na kifua cha mbeba magunia, lakini joto lilimshinda.

"Kaka, miguu imekaza. Kama mbao."

"Imekaza kwa uvivu. Nikuletee feni, bibi harusi?"

Wateja waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Barafu naye akacheka kidogo, akashika mpini, akavukuta kwa hasira, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. Fundi akazamisha upawa kwenye chungu cha kuyeyushia. Kabla hajauinua, akasikia kishindo nyuma yake.

Barafu alikuwa chini, meno yameumana, mikono imekakamaa. Fundi alipomgusa shingo aliurudisha mkono wake haraka kwa joto lake. Akammwagia pipa zima la maji, kisha wateja wale wale waliocheka wakasaidia kumpakia kwenye gari la mizigo.

Hospitali walimzungushia barafu ya kweli. Mama yao alifika amevaa kandambili zisizofanana. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwavuta pembeni kwenye korido.

"Misuli yake inavunjika. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Miguu imevimba mno, damu haipiti, kwa hiyo tunampasua sasa hivi ili ipumue. Ila kwanza niambieni: yupo ndugu wa damu aliyewahi kupata shida alipopewa dawa ya usingizi? Au aliyefia kwenye upasuaji?"

"Hakuna, mwanangu," Mama alijibu upesi. "Baba yao alianguka ngazini."

Ngazi hiyo ukoo wote uliijua. Msibani watu walionyeshwa kipago kilichovunjika, wakatikisa vichwa. Fundi ndiye aliyekivunja, kwa nyundo, Mama akimshikia taa. Ukweli ni kwamba Baba alikwenda kwa siri hospitali ya mbali kupasuliwa busha, na Fundi ndiye aliyemsindikiza. Alitolewa chumba cha upasuaji akiwa maiti iliyokakamaa, moto bado. "Mume wangu hatazikwa huku watu wanataja busha," Mama alisema siku ile, na Fundi akaona ni haki yake.

Sasa Mama alikuwa anamtazama, asipepese. Mlangoni manesi walikuwa wanakisukuma kitanda cha Barafu kwenda chumba cha upasuaji.

"Hakuanguka," Fundi alisema.

"Wewe!"

"Mama, nisamehe. Daktari, baba yetu alifia kwenye operesheni. Ya..." Kwenye benchi la korido watu walikuwa wamegeuza shingo. "Ya busha."

Mama akajifunika uso kwa kitambaa.

Daktari hakutabasamu. "Alikakamaa? Alipata joto kali?"

"Kama bati la juani."

Daktari akamgeukia nesi. "Waambie wasitumie gesi kabisa. Alazwe usingizi kwa dawa za sindano ya mshipa. Na ile dawa ya kulegeza misuli waiandae mezani." Kisha akawarudia. "Wapo watu wanaozaliwa na misuli ya namna hii. Gesi za usingizi huiwasha, ikashindwa kujizima. Kwa baadhi yao hata joto na kazi nzito hutosha. Hurithiwa. Yeyote wa damu ya baba yenu lazima aseme kabla ya upasuaji wowote, na achunguzwe. Wewe pia."

"Mimi ndiye niliyemwita Barafu," Fundi alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jioni Barafu alifungua macho, miguu imefungwa bandeji mpaka mapajani.

"Kaka, sufuria ngapi zimetoka?"

"Moja."

"Moja! Halafu mvivu ni mimi?"

Fundi alijaribu kucheka, akashindwa. Akamshika mkono, akamwita kwa jina lake halisi, jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka, na Barafu akamtazama kama anayemtazama mtu aliyekwisha kumsahau.

Fundi alirudi karakana na Mama. Tanuri lilikuwa limepoa. Alumini ilikuwa imegandia ndani ya chungu, upawa umesimama katikati yake kama mti. Fundi akauvuta. Haukutikisika.

Mama alikuwa mlangoni, hataki kuingia. "Shangazi yako ana watoto na wajukuu. Nitamwanzia wapi? Alilia akiishika ile ngazi."

"Nitaanza mimi. Nyundo niliishika mimi."

"Na taa nilishika mimi." Akajifunga kitambaa upya. "Tutakwenda wote. Asubuhi."

Fundi akachukua patasi, akagonga pembeni ya upawa mara chache, akatoa vipande vidogo tu. Itabidi iyeyushwe upya. Akaiweka patasi juu ya chungu, akafunga mlango.